Mzinga hauna yai hata moja: je, malkia amekufa?

“Habari za kazi, mtaalamu. Nipo Sikonge, nina mizinga 6 ya viunzi (vijiti vya juu ambavyo nyuki huning'iniza masega) niliyoitundika msituni. Wiki 3 zilizopita nilivuna mmoja uliokuwa umejaa vizuri. Nyuki walikuwa wakali, nikakata haraka haraka, na masega mawili yenye majana, yaani watoto wa nyuki, yakaenda pamoja na asali. Siku ya 9 baada ya kuvuna nilirudi kunyoosha sega lililopinda, nikakuta vitu vitano vinaning'inia kwenye sega, vinafanana na karanga, vyote vimezibwa. Mzee jirani yangu, aliyefuga nyuki tangu enzi za mizinga ya magome, akaniambia hiyo ni dalili ya nyuki kutaka kuondoka, niving'oe. Nikang'oa vitatu. Viwili vilibaki kwa sababu nyuki walinizidi. Jana nimefungua tena: hakuna majana, sijaona yai hata moja, malkia sikumwona. Kimoja cha vile viwili kimefunguka kwa chini, kingine kina tundu ubavuni. Nyuki bado ni wengi ila ukali umezidi. Je, nimeliua kundi? Mzee anashauri nimtoe malkia wa mzinga mwingine nimhamishie humu. Tena nina mizinga miwili ambayo sijaivuna, na sasa naogopa kuigusa.”

Ndugu yangu, asante kwa kueleza jambo lako kwa mpangilio. Zile siku ulizozihesabu, na yale matundu mawili uliyoyaona, moja chini na jingine ubavuni, ndiyo yanayoniwezesha kukujibu nikiwa mbali na mzinga wako. Malkia wa zamani yaelekea alikufa siku ya mavuno. Kundi lenyewe halijafa. Kwa maelezo yako, kuna uwezekano mkubwa kwamba ndani ya mzinga huo yumo malkia mpya, mchanga, ambaye bado hajaanza kutaga. Usimpeleke malkia mwingine humo. Funika mzinga, uuache, kisha nisome hadi mwisho.

Wengi tumekua tukisikia kwamba malkia ndiye anayewaamuru nyuki, na kwamba akifa wote hutawanyika. Malkia hamwamuru nyuki yeyote. Ana kazi mbili: kutaga mayai, na kutoa harufu inayosambaa mzinga mzima. Vibarua, yaani nyuki majike wafanyakazi, wanaomlisha na kumlamba huichukua harufu hiyo na kuipitisha kwa wenzao kila wanapogusana na kulishana. Harufu ikiwepo, kundi linajua kwamba mama yupo na kazi inaendelea. Ikikatika, vibarua huanza kuhangaika ndani ya saa chache tu, na mara nyingi kabla siku ya pili haijaisha wamekwisha kuchagua majana ya kulelea malkia mpya.

Wanayachagua kutoka wapi? Hapa ndipo palipo na siri ya ufugaji wote wa nyuki. Yai linalomtoa malkia halina tofauti na yai linalomtoa kibarua. Tofauti inaletwa na chakula na nafasi. Jana jike lolote ambalo bado ni changa sana, bora zaidi likiwa halijamaliza siku moja tangu lianguliwe, na kwa vyovyote lisizidi siku 3, linaweza kuwa malkia kamili likilishwa mfululizo yale maziwa meupe yanayotoka kwenye tezi za kichwani mwa vibarua wachanga, na likipanuliwa chumba chake kielekee chini. Kwa hiyo kundi lililofiwa na malkia lina dirisha fupi mno. Likiwa na mayai au majana machanga siku hiyo, linaweza kujiokoa. Likiwa halina, haliwezi kabisa, hata liwe na nyuki wengi kiasi gani. Wewe ulikata masega mawili ya majana, lakini kwa bahati njema ulibakiza mengine. Hayo uliyoyabakiza ndiyo yaliyoliokoa kundi lako.

Sasa tuhesabu siku pamoja, kwa sababu hesabu hii ina nguvu kuliko macho.

Yai la nyuki hukaa siku 3 kabla ya kuanguliwa. Jana la malkia hulishwa siku 5 hivi, chumba chake huzibwa karibu na siku ya 8, na malkia hutoka siku ya 15 au 16 tangu yai litagwe. Kibarua huchukua siku 19 hadi 21, dume siku 24. Chukulia kwamba malkia wako alikufa siku uliyovuna, na vibarua wakachagua majana yenye umri wa siku moja. Siku 4 za mwanzo zilikuwa zimekwisha kupita, zikabaki 11 au 12. Ulipofungua siku ya 9 ulipaswa kukuta vyumba vya malkia vimezibwa, na ndivyo ulivyokuta: vile vya umbo la karanga. Malkia wa kwanza alipaswa kutoka kati ya siku ya 11 na ya 12.

Akishatoka hatagi papo hapo. Anahitaji siku 5 au 6 mwili wake ukomae. Baada ya hapo, siku yenye jua na upepo mdogo, hutoka mzingani mchana na kupandana angani na madume wengi, mara nyingi 10 hadi 20, kwa safari moja au zaidi. Akirudi, hupita siku 2 au 3 nyingine kabla ya yai la kwanza. Jumlisha: yai la kwanza hulitarajii kabla ya siku ya 18, na mara nyingi huja kati ya siku ya 22 na ya 28. Upepo au mawingu yakimzuia, zinaongezeka siku kadhaa.

Siku ya jana, ulipofungua, ilikuwa ya 21. Na mayai ya mwisho ya malkia wa zamani, yale aliyotaga asubuhi ya mavuno, yalikuwa tayari vibarua kamili kufikia siku hiyo. Kwa hiyo hata kama kila kitu kimekwenda sawasawa ndani ya mzinga wako, jana ndiyo siku ambayo ungekuta masega matupu kuliko siku nyingine yoyote. Pengine kungebaki majana machache ya madume yaliyofunikwa, basi. Ulichokiona kinatisha, lakini ni hatua ya kawaida ya njia hii.

Sasa yale matundu. Malkia anapotoka mwenyewe hukata kifuniko cha ncha ya chumba chake kwa mduara safi, na wakati mwingine kifuniko hubaki kinaning'inia kwa uzi mwembamba wa nta. Huyo ndiye wako wa kwanza. Chumba chenye tundu ubavuni kinaeleza habari nyingine: malkia aliyetangulia kutoka huwatafuta wapinzani wake ambao bado wamo vyumbani, na vibarua hutoboa ubavu wa chumba na kumtoa aliyeuawa. Ukiziweka habari hizo mbili pamoja, aliyetoka alikuwa hai, ana nguvu, na kundi lilimkubali. Sijui dalili nyingine ya nje inayozidi hiyo kwa uzuri.

Mzee jirani yako naomba asionekane mjinga, maana ameshika nusu ya ukweli. Vyumba vya malkia huonekana pia pale nyuki wanapojiandaa kugawanyika, na malkia wa zamani akaondoka na sehemu ya kundi. Lakini vyumba hivyo huwa vingi, hutundikwa zaidi pembezoni na chini ya masega, na hujengwa wakati mzinga umejaa majana, madume ni wengi na chakula kinaingia. Kundi likitaka kumbadilisha malkia mzee au mgonjwa hujenga vyumba vichache tu, kimoja hadi vitatu, mara nyingi katikati ya sega, huku malkia wa zamani bado anatembea. Na vile vya dharura, kama vyako, huchipuka kwenye uso wa sega mahali palipokuwa na jana la kibarua, kisha hupindishwa kuelekea chini. Anayeving'oa vyumba vya dharura anachukua tumaini la mwisho la kundi, kwa sababu siku ya 9 hakuna tena jana changa la kuanzia upya. Kwako vilibaki viwili, na kimoja kilitosha. Siku nyingine ukiona umbo la karanga ndani ya mzinga, acha mkono, angalia limekaa wapi, na jiulize ni lini mara ya mwisho uliona mayai.

Nirudi kwenye ushauri wa kuhamisha malkia. Ungeufuata leo, matokeo ningeweza kuyabashiri. Vibarua wenye malkia mchanga hawampokei mgeni: humzingira kwa kundi dogo lililoshikamana na kumuua kwa joto na kwa kumng'ata. Wasipomuua wao, malkia mchanga mwenyewe atapigana naye. Na ule mzinga mwingine uliomtoa malkia nao utaanza safari hii ya siku 25. Ungekuwa umeharibu miwili kwa kutaka kuponya mmoja.

Wapo wanaoniuliza kama wanaweza kununua malkia, wameona kwenye simu wafugaji wa Ulaya na Marekani wakitumiwa malkia katika visanduku vidogo. Kwa nyuki wetu na misitu yetu sikushauri. Nyuki wa huku ni wa jamii ya *scutellata*, wamezoea miyombo, ukame wa miezi mingi na maadui wake, nao hawapokei malkia mgeni kwa urahisi. Kuingiza nyuki hai kutoka nje ni jambo la vibali, na sababu ni magonjwa na damu ngeni. Afrika Kusini walijifunza kwa uchungu: mwaka 1990 makundi ya nyuki wa Cape, jamii ya kusini mwa nchi hiyo, yalihamishiwa kaskazini ya nchi, mahali pa *scutellata*. Vibarua wa Cape wana uwezo wa kutaga mayai yanayotoa majike bila kupandwa. Waliingia katika mizinga ya wenyeji, wakataga humo, na makundi mengi yakaangamia.

Basi ufanye nini? Una njia mbili za busara.

Ya kwanza ni kusubiri. Usiguse mzinga kabisa hadi siku ya 30 tangu uvune, yaani siku 9 kuanzia jana. Malkia anayetoka kupandana huusoma mzinga wake kwa umbo na mahali ulipo. Ukiugeuza, ukiushusha chini au ukiufungua mchana wakati yuko nje, anaweza kupotea au kuingia mzinga usio wake akauawa. Na usizibe mlango eti asitoroke. Mswisi François Huber, aliyekuwa kipofu na kufanya kazi kwa macho ya msaidizi wake, alionyesha mwaka 1792 kwamba malkia hapandwi ndani ya mzinga. Akizuiwa kutoka hubaki tasa, na akicheleweshwa zaidi ya wiki 3 hivi hutaga madume matupu maisha yake yote. Mlango uwe wazi, na uondoe majani na matawi yanayouziba.

Ya pili naipenda zaidi kwa mtu kama wewe mwenye mizinga mingine 5: mpe mzinga huu sega la majaribio. Chagua mzinga wenye nguvu, toa kiunzi kimoja chenye sega la mayai na majana machanga, kung'uta nyuki wote kwa unyoya au jani laini, na hakikisha mara mbili kwamba malkia hayupo juu yake. Kisha lipeleke katikati ya masega ya mzinga huu. Sega la mzinga wa viunzi halina waya wala fremu, kwa hiyo lishike likiwa limening'inia wima muda wote. Ukililaza litakatika, hasa likiwa jipya. Kama fundi alikuchongea viunzi vya upana tofauti na haviingiliani, kata kipande cha ukubwa wa kiganja chenye mayai, ukifunge kwa kamba laini kwenye kiunzi cha mzinga huu, vyumba vikielekea upande ule ule vilivyokuwa vikielekea. Nyuki wenyewe watakiunganisha kwa nta.

Fanya hivyo jua likikaribia kuzama, kuanzia saa 12 kasorobo hivi, wakati hakuna malkia aliyeko safarini na ukali umeanza kupungua. Moshi uwe baridi na mweupe, mlangoni kwanza, kidogo kidogo. Ukihitaji mwanga karibu na mzinga, funika tochi kwa kitambaa chekundu, kwa sababu nyuki hawaoni vizuri rangi hiyo. Mayai lakini kayakague pembeni, hatua kadhaa kutoka mzingani, kwa mwanga wa kawaida.

Baada ya siku 4 angalia hicho kiunzi kimoja tu. Ukiona wameanza kujenga vyumba vya malkia juu yake, hakuna malkia ndani, na kwa kitendo hicho hicho umewapa njia ya kumpata. Ukiona majana yanalishwa kama kawaida na hakuna chumba cha malkia, yupo, mchanga au mkubwa, nawe uende ukalale. Faida nyingine ya sega hilo ni kwamba harufu ya majana yaliyo wazi huwazuia vibarua wasianze kutaga wenyewe, jambo nitakalolieleza hivi punde. Kama mzinga wa kutolea sega ni dhaifu, usiubomoe kwa ajili ya huu. Baki na njia ya kwanza.

Umeandika kwamba malkia hukumwona, na nahisi hilo ndilo lililokutia hofu zaidi. Nakuomba uache kumtafuta. Nyuki wetu hawatulii kwenye sega kama wale wa Ulaya. Ukifungua hukimbia, huteremka hadi chini ya sega na kuning'inia kwa mafungu, na malkia mchanga ni mwembamba, ana mbio, unaweza kumpita mara tatu. Kila dakika unayomtafuta unamweka hatarini na unajichosha kwa miiba. Soma majana badala yake. Yai moja lililosimama wima katikati ya chumba limetagwa leo. Likiinama ni la jana. Likilala ni la juzi. Ukiona yai, malkia alikuwa hapo siku 3 hizi, na hiyo inatosha. Hata kabla ya mayai, tazama katikati ya masega ya zamani ya majana. Vyumba vikiwa vitupu, vimesuguliwa na kung'aa, na asali na chavua zimewekwa kuvizunguka, vibarua wanamwandalia malkia mahali pa kutaga. Wakianza kujaza asali na chavua hadi katikati hapo, wasiwasi wako una msingi.

Siku ya 30 ukikuta mayai, moja moja chini ya kila chumba, yamepangwa kwa mfululizo, funga na uwaache wiki 3 bila kuwasumbua. Kundi litapungua kwanza, maana tangu jana hakuna kibarua mpya anayezaliwa, na wale wa kwanza wa malkia mpya watatoka karibu wiki 3 baada ya mayai hayo. Kwa hiyo mzinga huo usiuvune tena msimu huu, hata asali iliyobaki ikikushawishi.

Kuna jambo moja la msimu ambalo lazima nikuambie wazi. Mavuno yetu makubwa huja maua ya miyombo yakishapita, na chakula kikipungua vibarua huwafukuza madume. Malkia aliyezaliwa wakati huo anaweza kukosa madume wa kutosha. Kaa mchana mbele ya mizinga yako yenye nguvu, baada ya saa 7. Ukiona madume, wale wanene wenye macho makubwa na mlio mzito, wanatoka na kurudi, nafasi ya malkia wako ni nzuri. Usipoona hata mmoja kwa siku mbili au tatu, jiandae kwamba huenda asipandwe ipasavyo.

Ishara ya kutopandwa utaisoma pia kwenye majana. Yai lisilorutubishwa hutoa dume. Ukikuta yai moja moja limewekwa vizuri, lakini majana yote yamefunikwa kwa vifuniko vilivyotuna juu, hata kwenye vyumba vidogo vya vibarua, unaye malkia anayetaga madume tu. Na ukikuta mayai mawili, matatu, hata matano katika chumba kimoja, mengine yamebandikwa ukutani badala ya chini, yametapakaa bila mpangilio, basi malkia hayupo kabisa na vibarua wameanza kutaga. Hutokea kundi likikaa muda bila malkia na bila majana, na nyuki wa Afrika huwahi kufikia hapo kuliko wa Ulaya. Vibarua hawapandwi, kwa hiyo wa kwetu, tofauti na wale wa Cape, watatoa madume tu mpaka kundi liishe.

Kundi lililofika hapo ni gumu kulirudisha. Vitabu vinasema upeleke sega la majana machanga kila wiki, mara tatu hivi, mpaka wakubali kulea malkia. Huweza kufaulu, lakini kila sega unalitoa kwenye kundi zima na kulipeleka kwenye kundi linalokufa. Njia ya pili ni kuliunganisha na kundi lenye malkia: unaweka karatasi ya gazeti yenye vitobo vidogo kuwatenganisha, wanaitafuna taratibu na harufu zao zinachanganyika. Kwa kundi lenye vibarua wanaotaga naiogopa njia hii, kwa sababu malkia mzuri anaweza kuuawa. Kwa kundi lililofiwa tu, ambalo bado halina mayai ya vibarua, au ambalo malkia wake anataga madume nawe ukafanikiwa kumtoa, gazeti hufaa sana.

Kwa hapa kwetu nitakuambia ninavyoamini, hata kama si ushauri wa kupendeza. Misitu ya Sikonge bado ina makundi mengi ya porini. Kundi likishafika kwenye vibarua wanaotaga, mara nyingi faida iko katika kuliacha limalizike, kuwahi masega kabla nondo wa nta hawajayala, kuyeyusha nta, kusafisha mzinga, kupaka nta mpya kwenye viunzi na kuutundika tena. Miyombo ikianza kuchanua kuelekea mvua za kwanza, makundi yatakuwa yanatafuta makazi, na mzinga unaonukia nta haukai mtupu muda mrefu. Aliye na mizinga miwili tu ana haki ya kupigania kila kundi. Wewe mwenye 6, usiudhoofishe ule wa nne na wa tano kwa ajili ya mmoja uliokwisha.

Kuhusu ukali: kundi lisilo na malkia mara nyingi huwa na mlio wa kuhangaika, mrefu na wa juu, na hudunga kwa urahisi. Lakini hata kundi lenye malkia mzuri hukasirika likivunwa, likafunguliwa siku ya 9, likafunguliwa tena siku ya 21, tena wakati chakula ni haba. Kwa hiyo ukali peke yake hauthibitishi lolote. Watoto na mifugo wasikaribie hapo kwa siku hizi. Aliyedungwa akivimba uso au midomo, akapata shida ya kupumua au kizunguzungu, apelekwe kituo cha afya mara moja, bila kusubiri dawa za nyumbani. Vivyo hivyo aliyedungwa mara nyingi sana, hata kama anaonekana mzima kwa saa za kwanza.

Kuna hali ambazo maandishi haya hayatoshi. Ukikuta majana yamekufa, yana harufu mbaya, yamebadilika rangi au yanavutika ukiyagusa kwa kijiti, usihamishe sega lolote kutoka mzinga huo kwenda mwingine; mwite ofisa nyuki wa wilaya aje aone. Mizinga miwili au mitatu ikipoteza malkia kwa pamoja, au ukikuta nyuki wengi wamekufa chini ya mizinga, fikiria dawa za mashambani, hasa kama kuna tumbaku karibu, nako ni kazi ya ofisa kuja kuchunguza. Chuo cha Ufugaji Nyuki kipo Tabora mjini, nawe hauko mbali nacho. Kama hujawahi kusimama karibu na mtu anayesoma mayai kwenye sega, omba nafasi ya kwenda kuona. Nusu saa ya kuonyeshwa itakufunza kuliko kurasa zangu.

Na ile mizinga miwili uliyobakiza, ivune, usiiogope. Nenda na mwenzako ili mmoja ashughulike na moshi tu, maana haraka yako ndiyo iliyokufanya ukate majana. Katika mzinga wenye mlango upande mmoja, majana hukaa karibu na mlango na asali nyuma, kwa hiyo anzia mwisho ulio mbali na mlango. Ukiwa na mlango katikati, asali iko pande zote mbili, anzia ncha. Toa kiunzi kimoja, kitazame, kung'uta nyuki wote warudi ndani, ndipo ukate juu ya ndoo, ukibakiza ukanda mdogo wa sega juu ya kiunzi ili waanzie hapo kujenga. Sega la kwanza utakalokuta lina majana, hata kama nusu yake ni asali nzuri iliyofunikwa, lirudishe, na hapo ndipo mavuno yanapoishia. Waachie pia asali ya masega mawili au matatu ya kuwavusha kiangazi. Kabla ya kufunika ndoo, angalia nyuki walioangukia humo mmoja mmoja. Ukimwona mwenye tumbo refu linalozidi mabawa yake, mnyanyue taratibu kwa jani, mpeleke mlangoni, na umwache aingie mwenyewe.